Kadi Iliyogoma Kuamkia

Nilipofika Unyalwa walikuwa wameshaiombea. Sitanii. Kompyuta ya baraza la kata ilikuwa imekataa kusoma kadi mpya ya picha, na kabla mtu yeyote hajafikiria kuita fundi, walimwita mchungaji, kisha wakamwita na sheikh ili pasiwe na manung'uniko. Kila mmoja aliweka mkono juu ya kasha akakemea kilichokuwa ndani. Kadi haikumsikia mchungaji wala sheikh. Ndipo mtu akakumbuka kwamba mkoani kuna injinia.

Injinia huyo ni mimi, Eliwaza Mkumbo. Kazi yangu ni kuzunguka nikitibu mashine za mabaraza, na kazi hiyo imenikutanisha na wajinga wa kila namna. Unyalwa walinionyesha namna mpya.

Mwenyekiti wa baraza, Mheshimiwa Kiula Gyunda, alinipokea mlangoni. Kijana wa miaka thelathini hivi, suti ya bluu, viatu vinang'aa katikati ya vumbi lote lile. Alisimama akanitazama, akasubiri. Nami nikasimama nikamtazama. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anasubiri nimwamkie. Mimi nimeshapita hamsini, nina mtoto wa kulingana naye, na mtoto huyo ana akili kumzidi. Lakini yeye ana cheo, na siku hizi wako watu wanaodhani cheo huongeza umri. Upepo ulivuma kati yetu, na kule kilimani mapanga ya mitambo ya umeme yalizunguka bila haraka.

"Karibu, Injinia," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

"Ahsante. Mgonjwa yuko wapi?"

Mgonjwa alikuwa katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi. Kila kata siku hizi ina mashine ya namna hiyo, nao wameipa jina kubwa: Shahidi. Wizi ukitokea, Shahidi hukusanya kila kilichobaki nyuma: mtikisiko wa kuta, joto la nyayo sakafuni, vumbi lilivyoruka, na kamera mbili tatu zenye ukungu. Kadi ya picha huviunganisha vyote hivyo na kulichora tukio, watu na sura zao, mbele ya wananchi. Sheria ya Sura inasema hakuna hukumu bila sura, na hakuna kutoka mahabusu bila hukumu. Waliopitisha sheria hiyo waligonga meza kwa furaha. Hakuna aliyeuliza itakuwaje siku kadi ikiungua.

Ya Unyalwa iliungua. Tangu hapo Shahidi alikuwa akichora watu wa vijiti, kichwa duara, usoni hamna kitu. Na kijiti kimoja, kilichoonekana kikibeba mapipa ya mafuta kutoka kwenye kinu cha alizeti, kilikuwa kinachechemea. Mlinzi wa kinu, Hango Msengi, naye anachechemea. Basi Hango akawekwa ndani kusubiri kijiti kipate uso.

Nilifungua kasha. Kadi mpya waliyoinunua badala ya ile iliyoungua ilikuwa bado imefungwa utepe mwekundu.

"Tuliizindua," Mwenyekiti alieleza. "Nilikata utepe mwenyewe."

"Ulikata nusu."

Nikaichomoa. Kwenye meno yake ya shaba, yale yanayoingia kwenye bodi, walikuwa wameacha plastiki ya kiwandani. Nilicheka kwa sauti. Niliibandua ile plastiki kwa kucha, taratibu, nikamwinulia Mheshimiwa aitazame vizuri.

"Hili ndilo pepo lenu," nikasema.

Niliirudisha kadi mahali pake mpaka ikalia *ta*, nikachomeka waya wake wa umeme, nikawasha. Feni zikazunguka. Skrini ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwa herufi kubwa: HAKUNA KADI.

Mwenyekiti alikunja mikono nyuma.

"Pepo limebadilisha chumba, Injinia?"

*

Nilimfukuza chumbani, nikaanza upya kama anavyofanya mtu mwenye akili. Nilipima umeme: upo, na wa kutosha. Niliipeleka kadi kwenye nafasi ya pili: hakuna kadi. Nilisafisha meno yake kwa spiriti, nikapuliza vumbi la kwenye bodi, vumbi ambalo lingetosha kupanda mtama. Hakuna kadi. Niliichukua nikaichomeka kwenye kompyuta yangu ya safari, ambayo ni ya kigeni na haina adabu. Iliisoma papo hapo. Kwa hiyo kadi ni nzima. Nikachukua kadi yangu ya akiba, ndogo, isiyoweza kuchora hata kuku, nikaichomeka kwa Shahidi. Akaisoma. Kwa hiyo bodi nayo ni nzima.

Kila mmoja mzima akiwa peke yake, wakikutana hakuna. Niliwahi kuwa na ndoa ya namna hiyo.

"Hodi."

Mwanamke alisimama mlangoni na kontena la chakula mkononi. Mwembamba, kitenge kimepauka, macho hayatulii.

"Hapa hakuliwi," nikamwambia.

"Si chako, mama. Cha mume wangu, yuko mahabusu hapo nyuma. Mimi naitwa Mwajabu, mke wa Hango." Akaitazama mashine. "Itawaka leo?"

"Ikiwaka na kumwonyesha mumeo, je? Umelifikiria hilo?"

"Haitamwonyesha. Hakuiba."

"Wake wote husema hivyo."

"Wake wote hawajaolewa na Hango. Yule hata jirani akisahau jembe kwetu, halali mpaka alirudishe." Alisogea karibu. "Mama, analala kwenye saruji. Ule mguu mbovu umevimba, mpaka hapa. Daktari amesema apelekwe hospitali ya mkoa, Mwenyekiti anasema hatoki mpaka apate sura. Nakuomba. Iwashe tu."

Watu wengi huniambia niwashe tu, kama vile mimi ndiye niliyeficha kibonyezo. Nilitaka kumjibu vibaya, na jibu nilikuwa nalo, lakini Mwenyekiti aliingia tena bila hodi. Mwajabu akakunja goti.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, marahaba!" Uso wake ukafunguka. "Habari za nyumbani? Watoto? Haya, pita, pita umpelekee mwenzio chakula, hakuna atakayekuzuia."

Mimi nilikuwa naye tangu asubuhi na hakuwa amenipa hata kigoda. Mwanamke wa rika lake amemwamkia mara moja, milango yote imefunguka. Nikabaki na bisibisi mkononi, mdomo wazi.

Hapo nalazimika kueleza jambo. Bodi za mabaraza ni za kutengenezwa hapa nchini, na mafundi walioziunda waliziwekea kitu walichokiita itifaki ya heshima. Vifaa viwili vikikutana kwenye waya, mdogo humwamkia mkubwa, mkubwa huitikia, ndipo kazi ianze. Kila kifaa kinajua siku kilipowashwa mara ya kwanza, na hiyo ndiyo siku yake ya kuzaliwa; ya mwenzake hakiioni, hivyo kinachojiona kimekomaa husubiri kuamkiwa. Walidai ni ulinzi: kadi ya magendo kutoka nje isiyojua kuamkia itabaki nje. Mimi nasema waliolelewa na bibi zao wasiruhusiwe kuunda bodi. Lakini mfumo ulifanya kazi, kwa sababu kadi mpya siku zote ni mtoto mbele ya bodi yoyote. Kadi huamkia, bodi huitikia. Sikuwahi kuona kinyume chake, wala sikuwahi kukifikiria.

Nilichomeka kisikilizio changu kwenye waya kati yao. Kadi mbovu hubwabwaja kama mlevi. Hii ilikuwa kimya kabisa. Bodi nayo kimya. Hakukuwa na ugonjwa wowote pale. Kulikuwa na wakubwa wawili wamesimama mlangoni, kila mmoja anamsubiri mwenzake amwamkie.

Niliingia kwenye matumbo ya bodi nikaidanganya kwamba imezaliwa jana. Nikawasha. Kwenye kisikilizio neno likapita, dogo, la unyenyekevu: *shikamoo*.

Na kadi, ambayo lebo yake ilisema ni ya mwaka huu, ikajibu kwa uzito wake wote: *marahaba*.

Feni zikanguruma. Skrini ikajaa rangi. Mwajabu, aliyekuwa amesharudi na kontena tupu, alipiga kofi moja kisha akaziba mdomo. Mwenyekiti alikwishatoka mbio kwenda kugonga kengele ya ukumbi, na suti yake yote.

Nilisoma siku ya kuzaliwa ya kadi. Ilikuwa imefanya kazi zaidi ya miaka kumi mahali pengine. Mtu aliifuta vumbi, akaibandika lebo mpya na plastiki juu, akawauzia watu wenye mikasi na utepe. Ningeweza kuizima pale pale. Sikuizima. Nilitaka kuona imejifunza nini huko ilikotoka.

*

Ukumbi ulijaa kabla sijakunja waya zangu. Unyalwa ni watu wa kupenda sinema ya bure. Hango aliletwa na mgambo wawili, akakalishwa kwenye benchi la mbele, mguu ameunyoosha. Hakuwa na sura ya mwizi wala ya mtakatifu. Alikuwa na sura ya mtu aliyechoka.

"Shahidi," Mwenyekiti alitangaza, "tuonyeshe kinu cha alizeti!"

Picha ikaja. Ukuta wa kinu ulikuwa na ukungu, mapipa yana ukungu, hata mwezi ulichorwa kwa uvivu. Kisha akaingia mtu anayechechemea, na uso wake ulikuwa safi kuliko kitu kingine chochote pale, safi mpaka unywele wa nyusi. Mwanamume wa makamo, kipara, jicho la kushoto limelegea kidogo. Midomo ameikunja kama anayepoza chai. Alibeba pipa, akaenda nalo, akarudi, akabeba jingine, na muda wote ule midomo imekunjwa vilevile.

"Si Hango!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Ona, anapiga mluzi! Anaiba na mluzi juu!"

"Dharau iliyoje!"

Vigelegele vikapasuka, na cha Mwajabu kilikuwa juu ya vyote. Hango aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtetemeka. Nilimwamini pale. Sikutaka, lakini nilimwamini.

Mwenyekiti alitangaza kwamba Hango yu huru mara tu wajumbe watakapoweka vidole gumba, kwamba mwenye kipara atasakwa nchi nzima, na kwamba vidole vitawekwa baada ya chakula. Pilau lilikuwa limeshapikwa. Baraza la Unyalwa halifanyi haki na njaa.

Mimi pilau sikuligusa. Kadi ya picha huziba mapengo. Mahali ambapo kamera haikuona na ukuta haukusikia, inaweka kitu inachokijua. Kadi changa haijui kitu, kwa hiyo pengo inaliacha wazi, na huo ndio uaminifu wake pekee. Kadi nzee ina mazoea, na mazoea yana uso. Nilitoka nje, nikasimama upande ambao upepo haupigi, nikampigia Pazi wa Dar es Salaam, muuzaji ambaye jina lake lilikuwa kwenye lebo, simu nimeiweka spika.

"Dada Eliwaza! Za siku nyingi!"

"Pazi, hii kadi uliyowauzia Unyalwa ni mpya?"

"Mpya kabisa, bado ina plastiki."

"Ina plastiki, na ni kubwa kwa umri kuliko ndoa yako ya pili. Niambie ilitoka wapi kabla sijaja na polisi."

Akacheka kidogo. Mimi sikucheka, naye akaacha.

"Sasa dada, ukisema polisi..."

"Mwenye kipara ni nani?"

Nilisikia pikipiki zikipita huko kwake.

"Imemchora?" aliuliza. "Tena?"

"Tena?" nikamrudishia.

Akanieleza kwa sauti ya chini, kama vile aibu yake inaweza kusikika na jirani. Kadi ilitoka kwenye baraza moja la kusini. Yule mtu alikuwa mfuta kamera wao. Kila asubuhi alipanda ngazi, akasogeza uso kwenye kioo, akapuliza pumzi, akafuta. Kadi ilimwona yeye kuliko ilivyomwona binadamu mwingine yeyote, na ilimwona kwa karibu. Basi kila palipokosekana uso, ikaweka wake.

"Walimfunga kwa ng'ombe," Pazi alisema. "Halafu kwa pikipiki. Halafu kwa dawa za zahanati. Kifungo juu ya kifungo."

"Halafu?"

"Halafu wizi ukaendelea, dada. Na kadi ikaendelea kumchora yeye yule. Naye yuko gerezani."

"Wakamtoa?"

"Wakauza kadi."

"Badala ya kumtoa mtu?"

"Kumtoa ni kukiri," alieleza, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Ukifumua kesi moja, zote zinafumuka. Nani atakubali? Mimi mfanyabiashara tu, naletewa mzigo nauza."

"Nitajie namba halisi ya kadi, ile ya kwanza uliyoifuta," nikamwambia, "na wewe nitakuja kukutafuta." Akanitajia namba, nikaishika kichwani. Nikakata simu. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Nimewadharau watu maisha yangu yote, kwa uvivu wao, kwa utepe wao, lakini wale wa kusini walikuwa wamenizidi kimo. Walijua, wakakaa wakashauriana, wakaona heri kuuza.

Nilipogeuka, Mwajabu alikuwa nyuma yangu, ameshika sahani ya pilau aliyokuwa akimpelekea mumewe. Alikuwa amesikia vya kutosha.

"Utasema?" aliuliza.

"Umesikia kuna mtu gerezani."

"Nimesikia. Utasema?"

"Nikisema, picha ya leo haifai. Hango anarudi ndani mpaka kadi nyingine ipatikane. Nisiposema, yule mtu anaongezewa kesi ya mapipa yenu."

"Ana kesi ngapi sasa? Moja zaidi itamfanya nini?" Hakuwa anafoka. Aliongea taratibu, kama anayechagua maharage. "Mama, yule ameshazoea. Wangu hajazoea."

Nilitafuta dharau yangu ya kawaida nimtupie, sikuiona. Kama angekuwa mwongo au mchoyo ningemjibu mara moja. Lakini alikuwa na mume asiye na hatia na mguu unaooza, na mimi nilikuwa na mgeni wa kusini nisiyewahi kumwona ila kwenye skrini, akiwa amekunja midomo.

"Utapanda gari lako uende," alisema Mwajabu. "Hakuna atakayekuuliza kitu. Wewe nyamaza tu. Kunyamaza ni kazi?"

Mchele ulikuwa unapoa. Akaufunika kwa kiganja na kwenda zake.

*

Walirudi ukumbini wanachokonoa meno. Wajumbe walijipanga kwenye meza, wino wa vidole gumba ukafunuliwa. Kwa sheria yao vidole huwekwa picha ikiwa hai kwenye skrini, ili wananchi waone kinachoamuliwa. Mwenye kipara alikuwa pale ukutani, ameganda na pipa begani.

Nilisimama. Hadi wakati ule sikuwa na hakika nitasema nini, na sipendi kutokuwa na hakika. Nikamwendea Mwenyekiti, nikaongea naye kwa sauti tamu ambayo mama yangu angeishangaa.

"Mheshimiwa, kabla ya vidole. Siku ile ya uzinduzi, ulipokata utepe, kadi ilikuwa haisomi. Wananchi hawajawahi kukuona kwenye skrini. Kwa nini Shahidi asiwachoree?"

Kama kuna mlango usiofungwa katika nchi hii, ni mlango wa kiongozi anayeombwa aonekane. Alirekebisha tai.

"Shahidi! Tuonyeshe uzinduzi!"

Ukumbi ulichorwa, wenye ukungu. Meza, viti, mabango. Katikati akasimama mtu wa suti ya bluu, mkasi mkononi, akaukata utepe kwa madaha. Alikuwa na kipara. Jicho la kushoto limelegea. Midomo ameikunja kama anayepoza chai.

Picha ikageuka kuonyesha waliokuwa wakishangilia. Mstari wa kwanza, wanaume wenye vipara, wanapuliza. Mstari wa pili, akina mama wa kwaya, sare za kijani, vipara, wanapuliza. Mtoto mgongoni mwa mama yake, kipara na nyusi za mtu mzima, anapuliza. Mtu mmoja akaanza kucheka, wengine wakadaka, na nikadhani kwa mara ya kwanza katika kazi hii sitahitaji kueleza kitu. Hata mjinga angeelewa.

Mwenyekiti aliinua mkono.

"Ndugu wananchi," alisema, na sauti ilimtetemeka, "mmeona wenyewe. Si mwizi mmoja. Ni genge! Na siku ya uzinduzi walikuwa humu humu, wamekalia viti vyetu!"

Kicheko kikakatika. Naapa, watu walianza kuangaliana vichwa. Mzee mmoja mwenye kipara chake cha halali aliivuta kofia ikamfika masikioni. Mjumbe wa kwanza alichovya kidole kwenye wino.

Nilienda chumba cha nyuma. Kadi ya picha haichomolewi umeme ukiwa umewaka, hilo huwafundisha mafundi siku ya kwanza. Niliikamata kwa mkono mtupu, ikaniunguza vidole, nikaing'oa. Ukumbini picha ikafa. Niliporudi, ukutani palikuwa na watu wa vijiti tu, na kijiti kimoja kinachechemea.

Nikawaeleza. Niliwaambia kadi ni nzee, nikawaambia kuhusu ngazi na kamera na pumzi kwenye kioo, na kuhusu baraza lililojua likauza. Niliongea vibaya, kwa haraka, na vidole vinaniuma. Sijui wangapi walinielewa. Mwenyekiti alielewa neno moja tu, nzee, kwa sababu yeye ndiye aliyeinunua, akaanza kupiga kelele kwamba nimeharibu mali ya umma.

"Na mtuhumiwa?" mgambo aliuliza.

Mwenyekiti alitazama ukutani, pale penye vijiti.

"Hana sura," alisema. "Rudisheni."

Hango, aliyeinuka kidole cha kwanza kilipochovywa, alikuwa ameshafika mlangoni. Jua lilikuwa limempiga kifuani. Walimshika mkono, naye hakuvutana nao. Alijaribu tu kutembea upande wa mguu mzima, na hilo pia walimharakisha. Mwajabu hakulia wala hakunitukana. Alinipita bila kunitazama, kama unavyopita karibu na shimo la taka.

Niliifunga kadi kwenye kitambaa. Ndiyo ushahidi pekee wa kumtoa yule mtu wa kusini, na nilikuwa na nia ya kuondoka nayo siku hiyo hiyo hata kama Mheshimiwa angelala mbele ya gari. Njia ya kwenda garini inapita kwenye dirisha la mahabusu, tundu dogo lenye nondo. Nilipolikaribia nikasikia jina langu.

"Injinia."

Hango alikuwa ameshikilia nondo ili asiuegemee ule mguu. Nilisimama. Nilijua kinachokuja, na jibu nilikuwa nalo tayari, jibu kali, kuhusu sheria na kuhusu haki ya mtu wa mbali.

"Nimesikia ulivyosema kule ndani," alisema. "Mimi hapa tangu waniingize naitwa mtuhumiwa. Leteni mtuhumiwa, rudisheni mtuhumiwa. Hata mimi naanza kuitikia." Alibadili mkono kwenye nondo. "Usiku nitamwombea yule mwenzangu. Anaitwa nani?"

Nilifungua mdomo. Namba ya kadi nilikuwa nayo kichwani, na siku yake ya kuzaliwa, na ningeweza kumweleza hata ilivyoshonwa ndani, uzi kwa uzi.

Jina la mtu sikuwa nimeuliza.